Chuma Kinachoning'inia Kalemie

Tangu nirudi Likasi, kila anayenikuta barabarani ananishika mkono na kuniuliza maswali yale yale. Ni kweli Kalemie kuna chuma kinachozunguka hewani bila kuguswa na kitu? Na ni kweli chuma hicho kilimtia shemeji yangu kasho, yaani mahabusu? Jibu ni ndiyo, mara zote mbili. Lakini nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama juani, na kila ninaposimulia, fundi baiskeli wa pale kona anaongeza mamba ambaye hakuwepo. Kwa hiyo nimeandika. Mamba hayumo.

Mnajua kwamba Yaya Kalunga, dada yangu mkubwa, ameolewa Kalemie na Papa Mulongo. Msichojua ni kazi ya Papa Mulongo. Wageni fulani walileta msaada: masini ya kugeuza hewa kuwa maji. Si maji ya kunywa. Ni maji ya baridi kali mno, na ndani yake hulazwa mbegu za madume ya ng'ombe wa kizungu, zikae miaka bila kuoza, kisha zipandishwe milimani juu ya Moba wanakofuga. Papa Mulongo ndiye aliyeiendesha. Siku moja masini ilipiga kelele kama sahani zinazoanguka, ikanyamaza. Komisera wa Zone, mkuu wa serikali wa pale, akasema ni sabotaji, uharibifu wa makusudi, na Papa Mulongo akafungiwa.

Yaya alinitumia neno kwa kinywa cha mfanyakazi wa treni: "Njoo. Wanasema wakikosa ugonjwa wa masini, ugonjwa njo yeye." Yaani ndiye atakayebebeshwa kosa.

Likasi hadi Kabalo: sanduku

Wakubwa wa mradi walimtuma Injenieri Ngoie kutoka Lubumbashi aende kutafuta ugonjwa. Mgongo wake ulikuwa mbovu, na vifaa vyake vilijaa sanduku la chuma. Treni yake ilipopita Likasi alihitaji mtu wa kulibeba, nami nilihitaji tiketi. Tukapatana.

Injenieri alikuwa mwembamba, na abakosti yake, suti ya wakubwa isiyo na tai, ilifungwa vifungo hadi kooni hata katika joto la Kamina. Hakula chakula cha njiani. Alikula mayai ya kuchemsha tu, tena aliyoyamenya mwenyewe, akikagua kila yai kama polisi. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kuuliza sijaacha, na kufikia Kamina alikuwa ameelewa kwamba njia pekee ya kuninyamazisha ni kunifundisha.

Alitoa sumaku mbili za mviringo na kalamu ya risasi yenye kipande cha chuma. Akaishikilia ile kalamu katikati. "Masini ya kawaida, mhimili wake unalala juu ya gololi, na gololi zinataka grisi," akasema. "Lakini penye baridi ile grisi inaganda kuwa jiwe. Kwa hiyo mhimili huu haulali juu ya kitu. Sumaku zinauvuta kutoka kila upande kwa nguvu sawa, unaning'inia katikati, unazunguka. Haugusi chochote."

"Na ukigusa?"

"Ukigusa," akasema akimenya yai, "ndipo wananiita mimi."

Kamina askari alitaka tufungue sanduku. Akaona saa kubwa yenye mshale na nyaya. "Hii inapima nini?"

"Inapima mutetemo," nikasema, nikijivunia elimu yangu mpya.

"Inaweza kujua muntu anayedanganya?"

Injenieri, aliyekuwa amechoka, alisema ndiyo. Askari alifunga sanduku haraka kuliko alivyolifungua, akatutakia safari njema, na hakutuomba hata sigara. Hapo nilianza kumheshimu Injenieri.

Kabalo hadi Nyunzu: kiti changu

Kabalo tulingoja treni ya Kalemie hadi nikajua majina ya mbuzi wote wa stesheni. Ilipokuja, mabehewa ya watu yalikuwa yamejaa. Injenieri alipata nafasi dirishani kwa sababu ya abakosti. Mimi nilipandishwa behewa la mizigo, ambako kundi la animasyo la Kalemie lilikuwa limejipanga kama lililonunua treni: wanawake na wanaume wenye vitenge vya picha ya Rais, ngoma, bafle mbili za kupazia sauti, kubwa kama makabati, na kiongozi wao, Mama Feza. Walikuwa wanarudi kutoka mashindano ya Kabalo ya kumsifu Rais kwa kucheza, walikoshika nafasi ya pili.

Mama Feza alikuwa mkubwa wa mwili na sauti. Aliniangalia nimesimama na sanduku kichwani.

"Weye, utasimama hivyo hadi ziwani? Kaa pale juu ya batri zangu. Lakini usiguse vichwa vyake, zitakupiga teke."

Zilikuwa batri nzito, rangi ya samawati kama anga, zenye maandishi ya lugha ya kizungu ambayo si Kifaransa. Nilitandika gunia, nikakaa. Niseme ukweli: sijawahi kupata kiti kizuri hivyo katika treni ya nchi hii.

Wakaniuliza ninakwenda kufanya nini. Basi nikawaeleza chuma kinachoning'inia, kwa mikono miwili na kijiti.

"Hakishikwi na kitu?" mpiga ngoma akauliza.

"Kinashikwa na sumaku."

"Na sumaku inashikwa na nani?"

"Na kurant, ule umeme."

"Kurant ya wapi?"

"Ya Kalemie."

Behewa zima lilipasuka kwa kicheko. Mama Feza alicheka hadi akafuta machozi kwa picha ya Rais, kisha akageuza kitenge haraka, akatazama kama kuna aliyeona. "Wamekitundika chuma chao kwa kurant ya Kalemie!" akasema. "Kurant yetu inaenda kulala mara ngapi kwa siku? Heri wangekitundika kwa kamba ya magome!"

"Wazungu lazima wamefikiria kitu," nikasema, nikiwa sijui ni kitu gani. Nilijiweka sawa juu ya batri, nikala ndizi.

Nyunzu: treni inakwenda kilioni

Nyunzu treni ilisimama, dereva akashuka, hakurudi. Baadaye tuliambiwa baba yake mdogo amefariki, na kwa kuwa msiba ulikuwa karibu na stesheni, ingekuwa aibu apite tu akipiga honi. Nani angebisha? Abiria tukafuata dereva msibani, maana ndiko kulikokuwa na chakula: bukari la moto, ndio ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo iliyokolea mawese, na samaki wa kukaushwa.

Wafiwa walikuwa wanangoja ujumbe wa serikali uliowaahidi mbao za jeneza. Walipoona abakosti, walimpokea Injenieri kwa vigelegele vya huzuni na kumkalisha kwenye kiti pekee. Kila aliposema yeye ni mtu wa masini, walitikisa kichwa kwa heshima. Mwishowe wakamwomba aseme neno. Watu walikuwa wengi, sauti yake ndogo, na Mama Feza hakuweza kuvumilia kuona mtu anahangaika na sauti ndogo. Batri zikashushwa, bafle zikasimamishwa.

Injenieri alishika kipaza sauti kama anayeshika nyoka. Alisema kitu pekee alichokijua: kwamba hata chuma huchoka, kwamba kwa nje kinang'aa, kumbe ndani ufa unatembea polepole, na siku kinapovunjika watu husema kimevunjika leo, kumbe kilianza zamani.

Watu walilia sana. Dereva alimkumbatia. Mbao hazikuwepo, lakini hakuna aliyemdai tena. Na Injenieri, kwa mara ya kwanza, alikula chakula ambacho hakukimenya mwenyewe.

"Mama," akamwambia Mama Feza, "batri zako ni nzuri mno."

"Ni za kuazima, Papa. Shemeji mmoja mwema wa kule nyumbani alitupatia."

Kumbukeni neno hilo. Sisi wawili hatukulikumbuka.

Niemba hadi Kalemie: tunasukuma

Baada ya Niemba behewa moja liliteremka relini, taratibu, kama mzee anayekaa chini. Tulilirudisha kwa magogo na nyimbo. Mama Feza aliimbisha, sisi tukainua, na wanakijiji wakatuuzia kinywaji cha munkoyo kwa bei iliyopanda kila tulipotoka jasho. Kisha upepo ukaleta harufu ya ndakala, dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani, na abiria wote wa Kalemie wakavuta pumzi kwa pamoja, kama watu wanaosalimiwa.

Yaya Kalunga alikuwa stesheni. Alikuwa amekonda. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alimtazama Injenieri kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, "Papa, kesho kutwa wanamupeleka Lubumbashi. Kama uko na neno, liwe na mwendo."

Kalemie: tumbo la masini

Masini ilikuwa kwenye jengo la bati nyuma ya bandari, imezungushiwa kamba na kulindwa na askari aliyelala. Komisera wa Zone alituletea mwenyewe ushahidi wake: mchanga katika bahasha, eti ndio uliomwagwa ndani ya masini. Aliuokota sakafuni. Sakafu ya Kalemie! Mji wote umejengwa kando ya mchanga, na yeye alikuwa ameukamata wa kiganja kimoja.

Injenieri aliupokea ushahidi kwa heshima, akauweka mfukoni, akavua koti la abakosti. Sikujua kwamba linavuliwa.

Kwanza alidhani sumaku zimeungua. Alizipima moja moja, mchana mzima, mimi nikimshikia nyaya na kumsomea mshale. Zote zilikuwa nzima. Kisha tukafungua ncha za mhimili. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakunieleza kwenye treni: kila ncha ilikuwa na pete ndogo yenye gololi, ambayo mhimili hauigusi siku zote, ila ukianguka tu. Ni kama mkeka uliotandikwa chini ya kitanda cha mtoto. Pete zile zilikuwa zimesagika. Gololi zilikuwa za bluu kwa joto, na mhimili ulikuwa na mikwaruzo ya duara.

"Haukuanguka mara moja," akasema. "Tazama, mikwaruzo imepandana. Umeanguka, ukainuliwa, ukaanguka tena. Mara ya mwisho mkeka ulikwisha."

"Kwa nini unaanguka?"

"Kurant ikikatika, sumaku zinaachia."

Niliwakumbuka wale wa kwenye behewa na kicheko chao. "Basi wazungu ni wajinga?"

"Hapana. Ikikatika, batri zinashika palepale, hadi mhimili upunguze mbio na kulala kwa adabu. Ziko humu." Akafungua kabati la chuma chini ya masini.

Kabati lilikuwa tupu. Kwenye vumbi kulikuwa na alama safi za pembe nne, na pembeni magamba ya rangi. Samawati, kama anga.

Nilikaa chini. Halafu nikasimama, maana kukaa ndiko kulikonitia aibu. Nilikuwa nimekalia ugonjwa wa masini tangu Kabalo, nikila ndizi juu yake. Injenieri alikuwa amehutubia msiba kwa ugonjwa huo huo na kuusifu.

Kasho: mtu mwema

Tulimkuta Papa Mulongo amekaa kwenye ndoo, amejikunja, lakini amevaa kofia yake ya kazi.

"Shemeji, batri umemupatia Mama Feza?"

Alitazama mlango. "Zilikuwa zinakaa tu," akanong'ona. "Muzungu alisema ni za kungojea. Muaka muzima zinangojea! Batri isiyofanya kazi inakufa, kila muntu anajua. Nikaona nizipe kazi kidogo, siku ya Posho tu, Jumamosi kwa Jumamosi, na safari hii moja ya Kabalo, zichezeshe watu, zirudi na damu yake. Nilikuwa ninazichunga."

"Na ukanyamaza?"

"Niseme nini? Nikisema nilitoa batri, mimi ni mwizi. Nikisema zilikwenda kumuchezea Rais, basi Rais njo amevunja masini. Nikisema sijui, nafungwa kasho tu. Kasho iko na kivuli."

Nadhani Injenieri alikuwa anajiona mwenyewe Nyunzu na kipaza sauti mkononi. "Usiseme chochote," akamwambia. "Nitasema mimi, tena kidogo."

Biro: ofisi ya Komisera

Komisera alimwita mwananchi kwa Kifaransa, kama chama kinavyotaka: "Sitwayene Injenieri, nani ana kosa?"

"Sitwayene Komisera, batri za masini zilikuwa Kabalo, kwenye wajibu wa taifa. Zilikuwa zinamsifu Rais."

Komisera aliitazama picha ukutani, kisha bahasha yake ya mchanga, ambayo Injenieri alikuwa amemrudishia mezani kwa mikono miwili.

"Zilishinda?"

"Za pili," nikasema mimi.

"Za pili!" Akapiga meza. "Hiyo njo sabotaji!"

Lakini kumfunga Papa Mulongo kwa kumsifu Rais hakuweza, na kumfunga Mama Feza ilikuwa kufunga animasyo yote ya Zone, na hapo nani angecheza mbele ya wakubwa? Akapata njia. Masini ingewashwa Posho mbele ya wananchi, na yeye angehutubia. Ikiwaka, Mulongo yuko huru. Isipowaka, au ikivunjika tena, watapanda treni wote wawili, Mulongo na Injenieri, mikono nyuma.

Posho: hotuba

Sanduku nililolibeba lilikuwa na pete mpya, jozi moja tu. Injenieri alizifunga, akasafisha mhimili, na Papa Mulongo akaletwa kutoka kasho aiwashe. Mama Feza alirudisha batri yeye mwenyewe, akizishika kama watoto wagonjwa. "Mulongo, shemeji yangu, ungeniambia zina kazi," akasema. "Mimi ningechezesha watu kwa ndoo."

Masini iliwaka. Haikunguruma, iliimba kwa sauti nyembamba, na kwenye mrija ukatoka moshi mweupe wa baridi uliotambaa sakafuni, watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Yaya Kalunga alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Ndipo Komisera akauliza bafle ziko wapi.

Injenieri alijaribu kueleza. Komisera alisema masini inakula kurant ya mji, na kurant ya mji ipo, taa si hizo zinawaka? Batri zikavutwa mbele ya kabati, vibanio vikahamishwa kwenye nyaya za bafle, na hotuba ikaanza. Alianzia uhuru, akapitia chama, akasimama sana kwenye neno "mimi". Injenieri alikuwa amefunga vifungo vyote hadi kooni. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu.

Mimi nilikuwa namtazama shemeji yangu, na yeye alikuwa anatazama taa. Mtu wa Kalemie anajua: kurant ya kwao haiendi bila kuaga. Taa hufifia, hurudi, hufifia tena, kisha giza. Ilififia. Ikarudi.

Papa Mulongo, mtu ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu, alipita katikati ya wakubwa, akainama, akang'oa vibanio kutoka kwenye bafle na kuvirudisha kwenye nyaya za kabati.

Komisera alibaki mdomo wazi, akisema neno ambalo hakuna aliyelisikia. Askari aliinua bunduki. Na hapo Mama Feza akatupa sauti yake, bila bafle, bila chochote, ngoma zikamfuata, kundi lote likaruka mbele likicheza kati ya Komisera na shemeji yangu. Ilionekana kabisa kama hotuba imemalizika kwa shangwe.

Taa zikafa.

Mama Feza akanyamaza, sote tukanyamaza. Kwenye mwanga wa mlango tulisikia chuma kile kikiimba peke yake, kikishuka taratibu, kikishuka, hadi kikanyamaza kwa upole. Hakikuanguka. Injenieri aliketi sakafuni kwenye moshi wa baridi na kuvua koti kwa mara ya pili.

"Nani amekata sauti yangu?" Komisera akauliza.

"Ni kurant, Papa," akasema Mama Feza.

"Ni kurant," akasema mpiga ngoma.

"Ni kurant," tukasema wote, na askari naye.

Komisera aliitazama taa iliyokufa. Hata yeye anaishi Kalemie. Kurant imeharibu nyama zake, redio yake na harusi ya binti yake, na hajaweza kuikamata. "Kurant hii," akasema hatimaye, akakunja karatasi zake. Papa Mulongo akaenda nyumbani.

Kurudi

Tulikula samaki wa mugebuka wa kuchoma hadi Injenieri akafungua vifungo vyake mwenyewe. Kabati la batri sasa lina kufuli, na ufunguo anao Yaya Kalunga. Watu wanasema ni heri kumwomba Komisera.

Safari ya kurudi nilipanda tena behewa la mizigo. Kijana mmoja wa mradi mwingine alinisogezea kasha zuri, la mbao laini. "Kaa, Papa, pumzika."

"Ndani mna nini?"

"Sijui. Ni vitu vya msaada tu, nimeazima."

Nilisimama hadi Kabalo.